Kivuli cha Miezi ya Baridi

Mimi na shangazi tunafua shuka za nyumba mbili za wageni na za zahanati moja. Kwa siku ni shuka sitini, wakati mwingine sabini. Kufua hakutusumbui. Kazi yenyewe ni kukausha. Shuka iliyokosa jua hunuka hata ukiipiga pasi mara tatu, na mteja akishainusa humwoni tena.

Ua wetu una nyumba upande mmoja na ukuta upande wa pili. Nyuma ya ukuta ni kiwanja kitupu, na ng'ambo ya kiwanja ni barabara. Siku moja wakabandika tangazo pale: litajengwa jengo la ghorofa tisa la kupangisha, na jirani mwenye maoni asubiri wakaguzi nyumbani kwake.

"Maoni ninayo," shangazi akasema. "Sijui kama karatasi zao zitatosha."

Wakaja wawili. Mmoja alikuwa afisa mazingira, mama wa makamo mwenye miwani na daftari. Mwingine alikuwa mtaalamu aliyeandika ripoti ya athari za ujenzi kwa niaba ya mwenye kiwanja, kijana mrefu mwenye kofia ngumu ya manjano ambayo hakuivua hata alipoingia chini ya paa letu. Shangazi akamwita Kofia papo hapo, na yeye akaitika.

Kofia alikunjua mchoro juu ya meza yetu ya pasi. "Jengo liko hapa. Kivuli chake mchana kinaangukia barabarani. Huku nyuma kuna ua wa jirani, eneo lisilotumika, na hata hivyo halitaguswa."

"Lisilotumika?" Shangazi alipandisha macho kwenye shuka zilizokuwa zikipepea kule ukutani. "Hizi ni bendera?"

"Tutasahihisha, mama. Lakini kivuli tumekipima wenyewe. Tulisimamisha fimbo kiwanjani."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Kofia, mwanangu, umeoa?"

"Bado, mama."

"Basi subiri kidogo. Wewe utamtazama mchumba siku moja, useme umemjua mwaka mzima."

Afisa alicheka, ila kalamu yake haikusogea. "Mama, nakuelewa. Lakini ripoti ina vipimo. Nikirudi ofisini na maneno tu, itaandikwa kwamba jirani alilalamika, basi, yameisha. Nionyesheni kitu."

Shangazi akanigeukia. Kwetu yeye ndiye msemaji. Mimi nilikuwa nyuma yao nakunja shuka, naomba nisiulizwe neno. Lakini hili lilikuwa langu, maana kamba za kuanikia ni kazi yangu. Kama ghorofa zile zingetuzibia jua, tungerudisha shuka za watu na kutafuta riziki nyingine. Nikaweka shuka chini.

"Njooni huku," nikasema.

Niliwaonyesha nguzo zetu. Ziko safu mbili, moja karibu na ukuta, nyingine karibu na jiko.

"Miezi ya joto jua linapita upande wa nyumba. Paa linatia kivuli huku jikoni, kwa hiyo naanika kule ukutani. Miezi ya baridi jua linahamia upande wa kiwanja. Ukuta ndio unatia kivuli, basi nahamisha kamba zote nazileta huku. Kila mwaka, mara mbili."

"Sasa ni miezi ya joto," Kofia akasema taratibu.

"Ndiyo. Ndiyo maana kivuli cha fimbo yako kilienda barabarani."

Kofia akautazama ukuta. Kisha akasema, "Sawa, kitarudi huku. Lakini ukuta ni mfupi. Hatujui cha jengo kitafika wapi."

"Mimi najua."

Chini ya ukuta, sakafu yetu ina baka refu jeusi. Ni kuvu inayoota kila miezi ya baridi pale jua lisipofika, na joto likija inakauka na kubaki alama. Nilifungua kamba moja, nikampa Kofia ashike ncha juu ya ukuta, kwa kuwa yeye ni mrefu. Nikaipima mpaka chini. Nikaikunja mara mbili, nikailaza sakafuni kuanzia ukutani. Ikafika karibu na ukingo wa baka. Ilipungua kidole kimoja tu.

"Saa sita mchana, miezi ya baridi, kivuli ni nusu ya urefu. Jengo lako lina urefu gani?"

Afisa akafunua ukurasa wa ripoti. "Mita ishirini na nane."

"Nusu yake kumi na nne," Kofia akasema mwenyewe. "Na tumeliweka mita mbili kutoka ukutani. Kitaingia humu mita kumi na mbili." Akatoa futi yake ya chuma na kupima ua wetu mpaka mlangoni. Mita kumi na moja.

"Hiyo ni saa sita," nikasema. "Asubuhi na jioni kinazidi."

Kofia akavua ile kofia na kujikuna kichwa. "Dada, hili lilipaswa kuwa kwenye ripoti yangu."

"Litakuwemo," afisa akasema. Kalamu yake sasa ilikuwa inakimbia.

Kikao cha kuamua ujenzi ule kilikaa baada ya wiki sita. Kofia mwenyewe alisimama na michoro miwili, wa joto na wa baridi, akaeleza bila kuficha. Afisa akasoma masharti: jengo lisogezwe upande wa barabara, maegesho ya magari yakae upande wa ukuta wetu, upana mita kumi, na ghorofa ziwe tano. Mwenye kiwanja alinuna, akanong'onezana na wakili wake, mwishowe akatia saini. Mimi nilikuwa nahesabu. Urefu mpya ni mita kumi na sita, nusu yake nane. Mchana kivuli kitaishia juu ya magari.

Nje, shangazi alikuwa bado anawaza. "Ghorofa tano zina nyumba ngapi?"

"Ishirini."

"Na ua wa kuanikia?"

"Sijauona kwenye mchoro."

Tukatazamana. Nikarudi mbio, nikamkuta Kofia kwenye ngazi, kabeba michoro kwapani.

"Kaka," nikamwambia, "wapangaji wako wakihamia, waambie tunapokea nguo kuanzia saa moja asubuhi."