Bega la Inspekta Cadwick

Nina kisirani, sikatai. Mama yangu kule Tanga alikuwa akisema nilizaliwa nimenuna. Mtu akinikosea simtukani wala sigombani naye, ninamsusa tu. Naweza kukaa naye chumba kimoja kutwa nzima, tukala sahani moja, na asipate kwangu hata neno la kumtakia afya akipiga chafya. Zamani nilikuwa najivunia jambo hilo, nikidhani ni nguvu.

Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi kwa fundi Marcellin, Mkongo wa Kalemie, kwenye gereji ya nyumba moja ya zamani hapa Bellevue, mwendo wa saa moja kutoka Pretoria. Nyumba yenyewe imekatwakatwa vyumba kumi na kimoja. Mimi nilipanga cha nyuma; yeye, mkewe Victorine na binti yao Orpha walikuwa na viwili vya mbele. Kazi yangu ilikuwa matundu ya vifungo, pindo na pasi. Yeye alikuwa mtu wa makoti.

Nimeona mafundi wengi, lakini sijaona mwenye roho mbaya kwa dosari kama Marcellin. Koti likipishana nywele moja mabegani, analifumua lote. Aliamini mtu anayeishi nchi ya watu kwa kibali lazima apendeze kuliko wenye nchi. Na kila mhamiaji aliyemshonea koti alimtilia mfuko wa siri ndani ya bitana, chini ya kwapa la kushoto, unaoenea karatasi ya kibali iliyokunjwa mara nne, ili polisi wakimsimamisha barabarani asianze kujipapasa kama mwizi. Mfuko huo ulifungwa kwa kifungo kimoja kidogo, na tundu lake nililishona mimi.

Karatasi yake mwenyewe ilikuwa inafia mikononi. Alikuwa ameomba hifadhi miaka kumi na miwili nyuma, akawa anakwenda Pretoria kila baada ya miezi sita kugongewa muhuri, mpaka rufaa yake ya mwisho ikakataliwa. Wakamwandikia kwamba kibali chake kinakwisha mwisho wa Julai. Mwanasheria wa wakimbizi alimwambia imebaki njia moja tu, tena nyembamba: apate kampuni itakayomwajiri kwa mkataba na kuandika barua kwamba ufundi wake ni adimu. Nani angemwandikia barua kama hiyo fundi wa gereji?

Basi mwezi wa Mei wakaja Waingereza. Hawakuja wenyewe gerejini. Alikuja Busi, mwanamke wa Soweto, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Alikuwa msimamizi wa mavazi kwenye tamthilia yao. Alikuwa ameliona koti la Marcellin mgongoni mwa shemasi mmoja wa Kikongo pale Kensington, mtaa wa jirani, akamuuliza kwenye foleni ya duka nani kalishona. Alitaka makoti matatu ya mfano. Yakifaa, Marcellin angeajiriwa miezi minne ya kupiga picha, kwa mkataba, na Busi aliahidi mbele yangu kwamba barua ingeandikwa. Sampuli ingeletwa Jumatatu.

Nikamuuliza ni tamthilia gani. Aliponitajia, nilishika meza.

Ilikuwa ile ya Inspekta Cadwick. Mimi na Cadwick tulikuwa marafiki wa kila Jumapili alasiri. Nilikuwa nafunga mlango, nachemsha chai ya tangawizi, nakaa kitandani kumtazama akitafuta wauaji kwenye ukungu wa Uingereza ya miaka ya ishirini, yeye na sajini wake mnene asiyeacha kula biskuti, na yule daktari wa maiti, mwanamke mwembamba asiyecheka. Kiingereza chao kilinipita nusu, lakini nyuso zao nilizisoma zote. Misimu miwili sikukosa hata kipande. Sasa msimu wa tatu Cadwick anatumwa Afrika, na majengo ya kale ya Marshalltown hapa mjini yalikuwa yatiwe vumbi na magari ya zamani.

Jumamosi ile gereji ilijaa wateja, na mimi kiherehere kikanipanda. Nikawasimulia mambo ya Cadwick toka asubuhi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye habari ya vita, bomu lilipomwangukia kwenye handaki, Marcellin akanikata.

"Mama Sumaiya," akasema, macho kwenye cherehani, "kama ungetazamaka matundu yako vile unatazamaka televizheni, tungekuwa mbali. Matundu yako yanaangalia pembeni, kama macho ya mulevi."

Wateja wakaangua kicheko. Victorine naye, aliyekuwa mlangoni na beseni la nguo, akacheka hadi akaliweka beseni chini. Ulikuwa utani, najua. Wakongo na watu wa pwani tunataniana hivyo kila siku na mimi nilikuwa hodari wa kurudisha. Lakini siku hiyo uliniingia. Nina miaka hamsini na tatu, nimeshona matundu tangu sijaolewa, na mtu ananicheka mbele ya vijana. Nikaweka sindano chini, nikajifuta mikono, na kuanzia hapo nikamsusa.

Jumatatu Busi akaleta koti. Lilikuwa lenyewe, lililovaliwa misimu miwili, la sufu ya kijivu, refu, limechoka kwenye viwiko. Nililigusa pindo kwa siri na mwili ukanisisimka. Busi akasema anataka matatu, moja safi, moja la kuchafuliwa kwa tope, moja la kutobolewa kwa risasi, yote kama lilivyo hili, na asipunguze wala kuongeza kitu. Akarudia mara mbili. Marcellin akaitika, "Sharp, sharp," kama wanavyoitika hapa, na Busi akaenda zake.

Marcellin akalilaza koti mezani, akapitisha viganja, akapima bega la kulia, akapima la kushoto. Akapima tena. La kushoto lilikuwa limeshuka vidole viwili, na mkono wake ulikuwa mfupi kidogo. Akasonya.

"Huyu mushonaji alikuwa amelewa," akasema. "Angalia, Mama Sumaiya. Unaona hii?"

Niliona, na zaidi ya hapo nilikuwa najua. Cadwick alirudi vitani na bega la kushoto limeshuka, hainui mkono ule kupita kifua, chai anamimina kwa kulia, na koti lake limekatwa kufuata jeraha. Mtu yeyote aliyemtazama kipande cha kwanza anajua. Ni neno moja tu lilihitajika. Nikaendelea kutia uzi kwenye sindano.

"Mama Sumaiya. Nakuuliza."

Nikauma uzi kwa meno. Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akageukia mkasi wake.

Nilijitetea moyoni, ndiyo. Nilijiambia atakuja kuaibika kidogo, kidogo tu, Busi atamrudishia, atafumua na kushona upya kwa siku moja, na ile siku atakuja kwangu kuuliza na mimi nitamjibu taratibu, nikiwa nimekaa. Niliipika hiyo picha siku tisa. Siku tisa zile Marcellin alishona makoti mazuri kuliko yote aliyowahi kushona, mabegani yamelala sawasawa kama meza. Hata mfuko wake wa siri aliutia, katika yote matatu. Victorine alipomuuliza wa nini, akajibu kwamba hata muzungu huyu yuko safarini, anahitaji mahali pa karatasi. Matundu ya mifuko ile niliyashona mimi, na niseme kweli, niliyashona kwa hasira na yalinyooka kuliko yote ya maisha yangu.

Tulipeleka makoti Jumatano, ghorofa ya pili ya jengo moja Marshalltown. Nilifuatana naye kwa ajili ya pasi, bado sisemi naye. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, na mfukoni alikuwa na karatasi yenye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, ili wasikosee kwenye barua.

Ndani ya chumba cha mavazi kitu cha kwanza nilichokiona ni tumbo la sajini. Lilikuwa linaning'inia kwenye hanga, mto mkubwa wenye kamba za kufungia mgongoni. Sajini mwenyewe alikuwa kakaa chini yake, mwembamba, anakula tufaha. Hapo ndipo niliposhtuka. Nikafahamu kwamba kwa watu hawa kila kitu kimepimwa, hata kibaya, hasa kibaya. Nikageuka kumwambia Marcellin. Mlango ukafunguliwa, akaingia Cadwick.

Alikuwa mtu mpole. Akatupa mkono sote wawili, mkono wa kushoto ukiwa mzima kama wangu. Akavaa koti, akasimama mbele ya kioo, akalishusha bega kama afanyavyo kwenye televizheni. Koti halikushuka. Lilisimama peke yake, limenyooka, na yeye akawa anaonekana kama mtu aliyeazima nguo. Akajaribu tena. Akasema jambo kwa sauti ya chini, na Busi akanirudia baadaye kwa Kiingereza chepesi: kwamba ni koti zuri kuliko lolote alilowahi kuvaa, lakini ni la mtu ambaye hajawahi kuumia.

"Eish," Busi akasema. "Nilikwambia kama lilivyo."

"Lilikuwa na kosa," Marcellin akajibu. "Nilikosoa kosa."

Akamwonyesha kwa vidole mahali lilipokuwa kosa, kwa fahari bado, akisubiri wafahamu. Busi akamweleza habari ya vita na bomu. Nikaona jinsi uso wake ulivyokuwa unapokea, neno baada ya neno. Akasema anaweza kufumua, apewe siku mbili. Busi akasema wanaanza kupiga picha kesho alfajiri na hana hata siku moja ya kusubiri. Watayachukua makoti hivyohivyo na fundi wao waliyekuja naye kutoka Cape Town atayashusha usiku kucha. Huyo fundi ndiye angebaki na kazi. Hakusema kwa ubaya. Alisema anahitaji mtu atakayefuata alichoambiwa.

Ile karatasi yenye jina haikutoka mfukoni.

Tulirudi kwa miguu mpaka kwenye teksi. Kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, Marcellin akasimama akanigeukia. Nikajua sasa ananiuliza, kwani alijua namtazamaga huyu Cadwick kila Jumapili. Nikawa tayari kukiri. Wallahi nilikuwa tayari.

"Mama Sumaiya, pardon," akasema. "Nilikuchekesha mbele ya bantu. Matundu yako iko mazuri. Leo nimeona vile kuchekwa kunaumaka."

Alikuwa ananiomba msamaha. Taa ikawa kijani, watu wakatupita. Nikasema, "Yameisha, Baba Orpha." Ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake baada ya siku kumi na moja, na nikayaachia hapohapo. Nilipokea samahani ya mtu niliyemwangamiza, nikavuka naye barabara.

Julai akaenda Pretoria bila barua. Hakugongewa muhuri. Faili lilikuwa moja la familia nzima, kwa hiyo waliondoka wote watatu, kwa basi la Lubumbashi, kwa kaka yake Victorine, maana Kalemie kulikuwa na vita tena. Orpha alikuwa na miaka kumi na mitatu na alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia lakini hajibu ila kwa Kiingereza au Kizulu. Alikaa dirishani na sare yake ya shule, akakataa kuivua, na hakutupungia mkono. Cherehani waliniachia mimi. Victorine alinikumbatia akaniambia nimekuwa dada kwao. Nikajitia hamnazo, nikamfunga zipu ya begi.

Msimu wa tatu ulionyeshwa mwaka uliofuata. Niliapa sitatazama, nikatazama. Marshalltown yote ilikuwa vumbi na kofia. Cadwick akatokea kwenye ngazi za jengo, na koti lilikuwa lile letu, naijua ile sufu, bega la kushoto limeshushwa vidole viwili barabara. Kazi ya usiku mmoja kwa mtu anayejua. Kisha, akiwa anasubiri shahidi, akaingiza mkono chini ya kwapa, akafungua kifungo kidogo, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Mfuko ule hawakuufumua. Kamera ikasogea karibu, na kwa muda wa pumzi moja nikaliona tundu langu kwenye kioo kizima. Lilikuwa limenyooka kabisa. Majina yalipopita mwishoni niliyasoma yote hadi ya madereva.

Wiki iliyopita Marcellin amenitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Sasa anashona sare za shule Lubumbashi, kwenye baraza la shemeji yake. Nyuma yake nilisikia mvua na mtu akikohoa. Hakuwa na hasira. Alisema Orpha amepata tamthilia kwenye simu ya mwenzake, wameitazama, wameliona koti, Victorine amelia. Kisha akasema:

"Lakini Mama Sumaiya, nauliza tu. Tumetazama na ile ya kwanza kabisa. Bega njo liko vile tangu mwanzo. Weye ulikuwa unatazamaka. Hukuonaka?"

Nimeusikiliza mara nne. Nimebonyeza kujibu, nikasema jina lake, nikafuta. Nimebonyeza tena, nikafuta. Zile alama zimeshageuka buluu huko kwake, anaona kwamba nimesikia. Leo ni siku ya tisa.