Penye Njano, Tia Sahihi

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa tena pale kwenye masanduku ya barua, siku ya tatu mfululizo, na Lorna Pruitt hakulipenda hata kidogo. Ndani mlikuwa na mwanamume wa miwani ya jua, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi, wala hashuki. Katika mji wa nyumba kumi na tatu, mtu asiyeshuka garini ana lake jambo.

Mji! Haya, tuuite mji, maana ndivyo ulivyoandikishwa kule Tallahassee, makao makuu ya jimbo. Tolliver Springs ilikuwa safu moja ya nyumba za bati kando ya bwawa lenye mamba, nyuma ya uzio wa bustani kubwa ya starehe ya Kampuni ya Tolliver. Wakazi wote ishirini na mmoja walikuwa waajiriwa au wastaafu wa Kampuni, wamepanga nyumba za Kampuni, na walichaguana wenyewe kwa wenyewe kuwa meya, diwani na mjumbe wa kamati ya majitaka. Kwa kura za watu hao wachache Kampuni ilijitawala: barabara zake, zimamoto wake, vibali vyake vya ujenzi. Kwa miaka hamsini serikali ya jimbo la Florida haikuona ubaya wowote. Ilikuja kuuona mwaka huu, wiki ileile mkuu wa Kampuni aliposimama hadharani akaiponda sheria ya Gavana ya kuondoa vitabu fulani shuleni.

Sasa Gavana alitaka kuufuta mji. Kampuni ilikimbilia mahakamani ikilia kwamba inaadhibiwa kwa kufungua mdomo. Gavana akajibu kwamba Kampuni imedekezwa mno, ndiyo maana ina kelele. Televisheni zilishinda zikizungumzia uhuru wa maoni. Lorna, aliyekata vichaka vya langoni viwe tembo na dubu kwa miaka thelathini na mmoja, hakuwa ameulizwa maoni yake na mtu yeyote wa upande wowote.

"Lorna! Upo?"

Alikuwa Dwight Kessler, fundi wa treni ya watoto, na meya wao. Alishafungua mlango wa wavu kabla ya kuitikiwa.

"Nipo. Niende wapi?"

"Umesoma gazeti?" Akaketi bila kukaribishwa. "Wanasema ile barua yetu ni ya uongo. Eti serikali ina ushahidi. Ushahidi, Lorna! Utatoka wapi kama si humuhumu ndani? Kuna mtu anatuuza."

"Nani?"

"Mimi nikuulize wewe." Macho yake yalizunguka baraza, yakapita juu ya kiti cha Gene, marehemu mume wa Lorna, yakarudi kwake. "Juzi nimemwona Bernadette ameinamia dirisha la lile gari. Anacheka. Na wewe na Bernadette ni chanda na pete."

Lorna alimwambia aende akanywe chai kwake. Lakini alipoondoka, machale yalimcheza. Bernadette Oquendo wa nyumba ya kumi na moja alikuwa rafiki yake wa miaka ishirini, na hakumwambia lolote kuhusu gari.

Barua yenyewe Lorna aliikumbuka kwa mbali. Karatasi za mji huo zilikuwa na taratibu zake: Ijumaa ya kwanza ya mwezi huja jalada la buluu kutoka ofisi kuu, pamoja na boksi la maandazi ya sukari. Ndani, kila mahali panapohitaji sahihi pamebandikwa kijikaratasi cha njano. Jalada linapita nyumba kwa nyumba. Unakula andazi, unafuata njano, unapeleka kwa jirani. Hakuna aliyesoma. Gene alikuwa na msemo wake: "Penye njano, tia sahihi, pengine pote ni mapambo." Walicheka hivyo miaka na miaka, mpaka Gene akafa kwa moyo mwezi wa Januari, na majivu yake Lorna akayafukia chini ya mbalungi alioupanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Barua ilipita Aprili. Gazeti ndilo lililomwambia Lorna kilichoandikwa humo: *Sisi wakazi, kwa sauti zetu wenyewe na bila kushawishiwa na yeyote, tunaipinga sheria ya vitabu, na tunapinga mji wetu kuadhibiwa kwa ajili yake.* Ilikuwa mezani kwa jaji.

Mchana wake akaja Kendra Vickery wa ofisi kuu, na pai ya ndimu mkononi. Kendra hakuwahi kufika nyumbani kwake, hata kwenye msiba.

"Bi Lorna, unavyoonekana! Uzee unakukimbia." Akamvisha vilemba vya ukoka hadi pai ikakatwa. Ndipo akauliza, akitazama sahani yake, "Kuna mtu wa serikali amekujia?"

"Hapana."

"Akija utatuambia."

"Nitawaambia nini?"

Kendra akatabasamu, akatoa karatasi mkobani. "Alhamisi kwenye kikao cha mji watakuwepo wakaguzi wa jimbo. Tungependa wewe usome hii. Watu wanakupenda, unakata wale tembo." Pembeni mwa karatasi kulikuwa na kijikaratasi cha njano. Alipokuwa akitoka alisimama mlangoni kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo. "Mkataba wako wa nyumba unaisha Juni, sivyo? Usijali. Watu wetu tunawatunza."

Lorna aliifunika pai iliyobaki. Alitazama dirishani, kwenye mbalungi. Nyumba ikiondoka, Gene anabaki huko peke yake nyuma ya uzio wa watu.

Kesho yake alikwenda kwenye chumba cha mashine za kufulia. Mwenye gari jeupe alikuwa ndani, amekaa juu ya benchi. Hatimaye kashuka.

"Bi Pruitt. Naitwa Wade Thornell, ofisi ya mwanasheria wa jimbo. Pole kwa kufiwa."

"Nani kakwambia nimefiwa?"

"Sisi tunasoma." Akafungua bahasha, akaweka nakala juu ya mashine. Ilikuwa barua ya Aprili, ukurasa wa sahihi. "Hii ya kumi na nne ni yako?"

"Ni yangu."

"Na ya kumi na tano?"

Lorna alivaa miwani. Ya kumi na tano ilikuwa imeandikwa *Eugene Pruitt*, jina kamili la Gene, kwa mwandiko wake yeye Lorna, herufi P yenye mkia mrefu. Orodha ya Kampuni ilikuwa ya zamani, mtu wa ofisi akabandika njano mbili nyumba ya Pruitt kama kawaida, na yeye, kama kawaida, akafuata njano. Miezi ile Gene akiwa mgonjwa alikuwa akimsainia kila kitu. Mkono ulishazoea.

Kwa hiyo msaliti waliyekuwa wakimtafuta nyumba kwa nyumba alikuwa yeye.

"Marehemu kapinga sheria mahakamani," Thornell alisema kwa upole. "Kughushi sahihi ni kosa, Bi Pruitt. Lakini mimi sikutaki wewe, nawataka wao." Akatoa karatasi nyingine. "Hapa unaeleza kwamba Kampuni ilikulazimisha. Kwamba ulitishwa. Ukiisoma Alhamisi mbele ya kikao, hili la mumeo tumelisahau. Na nyumba yako tutailinda. Una neno la jimbo zima."

"Hakuna aliyenitisha Aprili."

"Una hakika?" Akabandua kijikaratasi kutoka kwenye pakiti mfukoni, akakibandika chini ya ukurasa. Chake kilikuwa cha buluu.

Lorna alirudi nyumbani nguo zikiwa bado chafu. Barazani alimkuta Bernadette amekaa kwenye kiti cha Gene, jagi la chai ya barafu miguuni.

"Dwight anasema unanikwepa," Bernadette alisema. "Na mimi nimekuona umetoka na yule kijana kwenye mashine. Sema, mwenzangu. Umetuuza?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unacheka naye dirishani!"

"Nilimwambia akiendelea kuacha injini iwake nitamwita mamba. Nilicheka peke yangu, yeye hakucheka." Akamtazama vizuri. "Lorna? Una nini?"

Lorna akamwonyesha nakala aliyoachiwa na Thornell. Bernadette alisoma ule ukurasa, akaweka kidole kwenye ya kumi na tano.

"Na Gene aliipenda ile sheria," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Lorna tangu chumba cha mashine. Gene aliipenda. Wiki zake za mwisho walibishana mezani kila asubuhi, yeye na uji wake wa mahindi, Lorna na kahawa yake. Gene alisema wazazi wana haki yao. Lorna alisema kitabu hakijawahi kumuua mtoto. Hakuna aliyeshinda. Kisha Gene akafa, na yeye akaenda akamtia mdomoni maneno ya upande mwingine, kwa sababu ya andazi na gundi.

Alhamisi saa nne asubuhi ukumbi wa mji ulifurika kwa mara ya kwanza tangu ujengwe. Upande wa kushoto wamekaa mawakili wa Kampuni na Kendra, upande wa kulia Thornell na wakaguzi, nyuma waandishi. Majirani walikaa katikati, kila mmoja ameacha kiti kitupu kati yake na mwenzake. Kendra alimpa Lorna tabasamu. Thornell naye akampa lake. Mkobani mwake Lorna alikuwa na karatasi mbili, yenye njano na yenye buluu.

Sheria inataka kila kikao wananchi wapewe nafasi ya kusema, dakika tatu mtu mmoja. Huko Tolliver Springs Dwight alikuwa akiipita nafasi hiyo kwa pumzi moja: "Kuna mwenye neno hakuna tunaendelea." Safari hii alisimama, akamtazama Lorna, akajifuta jasho.

"Kuna mwenye neno?"

"Ninalo."

"Jaza kadi," Dwight akasema kwa mazoea ya vikao alivyoviona kwenye televisheni. Kisha akakumbuka kwamba hajui kadi ziko wapi.

Zilikuwa dirishani, nyuma ya bendera. Boksi zima lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani, limepauka kwa jua. Lorna aliichana kwa meno. Ukumbi wote ulisikiliza nailoni ikichanika. Akaandika jina lake, na penye *Mada* akafikiri kidogo, akaandika: *Gene*.

Alipofika mbele, taa ya kupimia dakika iliwaka kijani. Karatasi zote mbili aliziweka juu ya meza ya kusomea, akazigeuza uso chini.

"Naitwa Lorna Pruitt, nyumba ya tisa. Ile barua iliyoko kwa jaji imesainiwa na mume wangu, na mume wangu alikwishakufa. Nilimsainia mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Palikuwa na njano, nikatia sahihi. Nimetia sahihi hivyo miaka thelathini na mmoja, na nyote mliokaa hapo katikati mnajua, maana andazi tulikula wote."

Dwight alitazama viatu vyake. Nyuma kalamu za waandishi zilianza kukimbia.

"Mimi ile sheria siipendi. Ningeulizwa, ningesema hivyo, na ningeandika barua yangu, fupi. Gene aliipenda. Angeulizwa, angesema hivyo. Hakuna aliyetuuliza, si nyinyi," akageuka kushoto, "wala si nyinyi," akageuka kulia. "Mnagombania uhuru wa kusema, na nyote mmenijia na maneno yameshapigwa chapa. Basi nataka iandikwe kwenye kumbukumbu: Eugene Pruitt hakuipinga sheria ya Gavana. Nilimkosea. Hilo tu."

Taa ilikuwa bado kijani. Alibakiwa na zaidi ya dakika moja na nusu, na zilikuwa zake. Akasimama palepale bila kusema. Kendra hakuwa anatabasamu tena. Thornell alikuwa ameshaanza kukusanya bahasha zake, maana shahidi asiyelazimishwa hana faida kwake. Taa ikawa ya njano, kisha nyekundu, ndipo Lorna akashuka. Bernadette alikuwa ameondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.

Saa tisa mvua ya kila siku ilipomwagika, Lorna aliteremka hadi kwenye masanduku ya barua. Gari jeupe halikuwepo. Halikuwepo kesho yake wala Jumamosi, na namba ya simu aliyoachiwa na Thornell, lile neno la jimbo zima, iliita tu bila kupokelewa.

Jumatatu alikuta jalada la buluu mlangoni, bila andazi. Bernadette alivuta kiti karibu naye, na wakalisoma pamoja, kidole kikifuata mstari, kurasa zote saba, na maneno madogo ya chini pia. Kampuni haitauongeza mkataba. Nyumba ya tisa ikabidhiwe tarehe thelathini Juni, na mimea yote iliyopandwa kwenye kiwanja ni mali ya Kampuni.

"Mimea yote," Bernadette akasoma tena, akatazama mbalungi, akaanza kulia kwa hasira.

Lorna hakulia. Ukurasa wa mwisho, chini ya maneno *Mpangaji anakubali*, kulikuwa na kijikaratasi cha njano. Alikibandua, akakikunja, akakitupa bwawani. Kisha akachukua kalamu, na pale kilipokuwa akaandika kwa mkono wake, P ikiwa na mkia wake mrefu:

*Nimesoma. Sikubali. Lorna Pruitt.*

Akaenda kutafuta sepetu ya kumtoa Gene chini ya mbalungi.