Kifaa Hiki Kina Mwenyewe

Mwalimu alikuwa amepiga magoti chini ya meza, ncha ya hereni mkononi, akichokoa kitundu cha nyuma ya ruta kwa mara ambayo hakutaka tena kuihesabu. Taa ikazimika, ikarudi nyekundu, ikaanza kupepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga. Simu yake ikaandika yale yale: Kifaa hiki kina mwenyewe.

"Mwenyewe ni mimi," aliiambia. "Nimekununua."

Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, akahamia kwa kaka yake mpima ardhi, akapewa chumba cha uani, nyuma ya jiko na stoo. Huko alisomesha watoto tuisheni kwa kompyuta. Kuta za nyumba ile zilikuwa za zege nene. Kulikuwa na wifi wawili, mke wa kaka yake na mtandao wa sebuleni, na hakuna kati yao aliyekuwa akifika sawasawa chumba cha uani. Wanafunzi walimwona akiganda mdomo wazi katikati ya robo tatu. Wazazi kadhaa walikwisha kuwahamishia watoto wao kwa mwalimu asiyeganda.

Ndipo alipokwenda kwa muuza vifaa vya mitumba, akarudi na ruta tatu za kupokezana mtandao: moja ya sebuleni, moja ya ukumbini, moja ya chumbani kwake. Zikagoma. Alizisogeza, akabadilisha nyaya, akafuta programu na kuipakua upya. Mwisho akatoka hadi uani kwenye mtandao wa simu, akampigia muuzaji.

"Mama, mtumba haurudi," alisema muuzaji. "Mwambie aliyekuwa nazo azitoe kwenye akaunti yake."

"Ni nani?"

"Marehemu." Akakata simu.

Kesho yake asubuhi marehemu alikuja. Mwalimu aliingia na kikombe chake cha chai, akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda: mzee mwembamba, kandambili miguuni, wino kwenye kucha.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Ukiichoma hivyo utaiua."

"Kumbe ndizo zako?"

"Zangu. Nilikuwa mpigachapa."

"Basi zitoe, mzee wangu. Nina kipindi."

"Wanataka neno la siri."

"Si uliweke?"

"Nimelisahau."

Mwalimu alishusha pumzi. Maisha yake yote alikuwa amefundisha watu waliosahau jedwali la saba, lakini hao angalau alikuwa akiwatuma nyumbani na wazazi wao wanawachapa.

Wakaanza kukisia. Mzee alitaja jina la kifungua mimba wake, la wa kati, la kitinda mimba. Kila jina alitaka lijaribiwe kwa herufi kubwa, kisha ndogo, kisha kubwa mwanzoni tu, maana herufi ndizo zilizomlisha. Programu ikachoka nao, ikawafungia mlango, ikawaambia wajaribu baadaye. Baadaye ikafika, wakajaribu, wakafungiwa tena.

"Fikiri, mzee!"

"Usinisukume. Mimi ni marehemu, si mashine."

Wifi alipita ukumbini na ufagio, akachungulia. "Huyo mgeni wako asinikanyagie zulia na kandambili," alisema, akaendelea kufagia.

Jioni kaka alirudi kazini, akaja hadi mlangoni kama desturi yake, kwa kuwa ujumbe ulikuwa haufiki huko nyuma. Aliegemea mwimo, vumbi la viwanja vya watu likiwa bado kwenye suruali.

"Umeshindaje, dada?"

"Na huyu? Nimeshinda vibaya."

Kaka alimwamkia mzee, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Anakula?"

"Hali."

"Basi hana neno."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mzee anakuja, wanakisia, wanafungiwa. Asubuhi moja Mwalimu aliitupa hereni sakafuni.

"Hivi mzee mmoja ulitaka ruta tatu za nini?"

"Nyumba ilikuwa kubwa, nami nilibaki peke yangu," alisema mpigachapa. "Moja ya barazani, moja ya chumbani, moja karibu na choo. Watoto wakipiga, simu isinipite."

"Walikuwa wakipiga?"

"Yule wa kati alikuwa akipiga. Kila akipiga alikuwa na neno lake moja." Akaangalia kucha zake. "Ewaa. Ndilo hilo."

Alimtajia herufi moja moja, kama anazipanga kwenye fremu: NITAKUJAJUMAPILI. "Usiweke nafasi katikati," alisema. "Wala nukta."

Taa ikawa nyeupe chumbani, ikawa nyeupe ukumbini, ikawa nyeupe sebuleni.

"Watoto wenyewe hawakulijua?" Mwalimu aliuliza.

"Siku ya mazishi walijaa nyumba nzima, wakaulizana neno la mtandao. Wakakisia jina la mama yao. Wakakisia mwaka niliozaliwa. Walipochoka wakazichomoa, wakaziuza." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza kosa la chapa kwenye kitabu ambacho kimeshasambazwa.

Mwalimu hakuganda tena, na baadhi ya wazazi wakarudisha watoto. Mpigachapa aliendelea kuja, kwa mazoea, akikaa kitandani na kutazama ile taa. Mwanafunzi mmoja aliuliza babu aliye nyuma ni nani. Mwalimu akajibu ni mwenye ruta, wakaendelea na visehemu.

Siku ile ile ya taa nyeupe wifi alimtumia ujumbe: Chakula tayari. Jioni kaka hakuonekana mlangoni. Ulikuja ujumbe, na picha ya ua la waridi: Umeshindaje dada? Akajibu: Salama. Kesho yake ua lingine, la manjano. Halafu jekundu. Maua yakawa ndiyo salamu ya kila jioni, na ukumbini ikawa hapiti mtu ila wifi na ufagio wake, na kandambili za mzee.

Jioni moja Mwalimu alichoka. Akainuka, akatembea hadi sebuleni, mpigachapa akimfuata. Kaka alikuwa kwenye kochi, kichwa kimeinama, kidole gumba kinacheza. Mwalimu akasimama mbele yake. Simu ya Mwalimu ikalia mkononi. Umeshindaje dada?

"Kaka, nipo hapa."

"Ee, naona ujumbe umeupata," alisema kaka bila kuinua kichwa, na wifi akamsogezea mpigachapa mto ili akae vizuri.