Kilo Saba

Siku daktari wa Dodoma alipomwambia Dorika kwamba figo yake inafaa ila mwili wake haufai, Dorika alikuwa na kilo mia moja na mbili. Daktari alisema kwa upole, lakini ndivyo alivyosema. Damu yake na ya binti yake Loyce zinapatana, vipimo vyote vimekaa sawa, kilichobaki ni uzito. Ashuke hadi themanini, hapo ndipo jopo la madaktari litakaa kupanga siku ya upasuaji. Juu ya themanini hawamgusi, maana hawawezi kumwokoa mtoto kwa kumuua mama.

Na mtu mwingine wa kutoa hakuwepo. Gervas, mume wake, ana presha ya miaka mingi. Aneth, mdogo wake Dorika, ambaye ndiye aliyekaa na mgonjwa kule Dodoma, alipimwa akakutwa damu hazipatani. Loyce alikuwa na miaka ishirini na mbili, na mara mbili kwa wiki alilazwa pembeni ya mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara, akitoka hapo amechoka kama aliyelima heka nzima.

Dorika akarudi Shelui akajifunga kibwebwe. Ugali akauacha siku hiyo hiyo. Asubuhi alikunywa maji ya limao kwa sababu wifi yake Klara, anayejua dawa ya kila kitu, alimwambia limao linayeyusha mafuta. Mchana mlenda. Jioni uji mwepesi, na siku nyingine hata huo hakuunywa. Kuku walijaa uani, na mayai alikuwa akiyaokota kila siku na kuyapeleka barabarani wanaposimama madereva wa malori, na halikumpita moja kooni. Nyama na mayai, kwa akili yake, ndivyo vilivyomnenepesha. Hakuna aliyemwambia vingine, na yeye hakumuuliza anayejua.

Kujipima hakukumsumbua. Gervas ananunua alizeti za wakulima, na mizani yake iko hapo hapo kwenye banda mbele ya nyumba, ile mizani ya kusimama, yenye bati la chini la kuwekea gunia na mkono wa chuma wa juu wenye jiwe la kusogeza. Kila Jumatatu asubuhi, kabla banda halijafunguliwa, Dorika alivua ndala, akapanda kwenye bati, akasogeza jiwe mwenyewe taratibu mpaka mkono utulie. Tisini na nane. Tisini na tatu. Themanini na tisa. Kila namba alimpigia Loyce kumwambia, na Loyce akicheka kwenye simu Dorika alishinda siku hiyo hasikii njaa.

Mwezi wa tatu akafika themanini na nne, na hapo mwili ukagoma.

Jumatatu ya kwanza aliona ni kawaida. Ya pili akapunguza uji. Ya tatu akaanza kutembea mpaka nje ya mji na kurudi, jua likimchoma, miguu ikitetemeka. Jumatatu saba mfululizo jiwe liliganda pale pale, themanini na nne. Alianza kuichukia ile namba kama mtu anavyomchukia jirani. Alikula nini? Hakula kitu. Basi hizo kilo nne zinalishwa na nani?

Nywele nazo zikaanza kutoka. Dorika alikuwa na nywele za kusifiwa, nyeusi, nzito, na Loyce ndiye aliyezisuka tangu akiwa na miaka kumi, mama amekaa chini, mtoto amekaa kwenye kigoda nyuma yake. Sasa alizikuta kwenye mto, kwenye kitana, kwenye kola ya gauni. Utosini palibaki ngozi inayong'aa. Na sokoni watu wana macho na midomo. Mwanamke amekonda, nywele zimenyonyoka, binti yuko hospitali: wakaamua wenyewe kwamba amekanyaga miwaya, kwamba ana ukimwi, wakaanza kumpokelea chenji kwa ncha za vidole. Ilimuuma. Alijifanya hamnazo, lakini ilimuuma.

Siku moja akamwendea Klara na wembe mpya. Klara ni dada mkubwa wa Gervas, na katika ukoo ule yeye ndiye mnyoaji wa msiba. Kila aliyefiwa, kichwa chake kimepita mikononi mwake.

"Ninyoe zote, wifi," Dorika alisema. "Nimechoka kuziokota."

Klara aliutazama wembe, hakuugusa. "Mama ananyolewa akishazika. Wewe mtoto wako yuko hai anapumua, unataka nikunyoe kichwa cha nini? Unamwitia nini yule mtoto?"

"Zinakwisha zenyewe, wifi."

"Ziache ziishe zenyewe. Mkono wangu haupo."

Dorika akafunga kitambaa na kurudi nyumbani, akiona aibu kwamba wazo lenyewe lilimjia.

Mwezi wa tano alizeti zikaanza kuingia. Hapa inabidi niseme habari ya sumaku. Ilikuwa sumaku ya spika ya redio iliyokufa zamani, duara, nyeusi, na mwaka mzima ilikaa kwenye dirisha la chumbani. Dorika alipofuta vumbi aliinyanyua akaifuta na kuirudisha. Wakati wa msimu sumaku haikuwepo dirishani. Ilikuwa hivyo miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa Dorika hakuuliza imekwenda wapi. Wakulima walilalamika, ndiyo. Clement, mkulima wa vijiji vya juu, alisema kila mwaka kwamba gunia lake huwa zito nyumbani na jepesi likifika kwa Gervas. Dorika ndiye aliyekuwa akimjibu, tena kwa ukali, kwamba mizani haina ndugu. Kuna kujua, na kuna kufumbia macho, na mtu anaweza kuishi na hilo la pili akalala vizuri sana.

Jumatatu ya pili ya msimu alivua ndala, akapanda, akasogeza jiwe. Mkono ulitulia kwenye sabini na saba.

Alishuka, akapanda tena. Sabini na saba. Akakaa chini juu ya bati lenyewe na kulia, na Gervas alipotoka ndani na mswaki mdomoni akamkuta hivyo.

"Nimeshuka, Baba Loyce. Nimepita. Sabini na saba."

Gervas alitoa mswaki mdomoni. Alimtazama mke wake, akautazama mkono wa mizani, akamtazama tena. Palikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na alikuwa nayo. Akasema, "Mungu ni mwema," akaenda kusukutua nyuma ya nyumba.

Alikuja kueleza baadaye kwamba alidhani labda kweli amepungua kidogo, na kwamba hospitali hawatakataa kwa sababu ya kilo chache. Alisema pia kwamba aliona uso wake, akashindwa. Hilo la mwisho Dorika alilisadiki, na ndilo lililomkasirisha zaidi.

Dodoma alifika jioni ile ile kwa Aneth. Loyce alikuwa amevimba miguu na amepungua mabega. Alimwamkia mama yake, kisha akamwambia akae chini amsuke, kesho aende kwa madaktari amependeza.

"Niache tu, nimechoka na safari."

"Mama, kaa."

Akakaa. Loyce alifungua kitambaa. Kisha kitana kikapita mara moja tu, na Dorika akasikia mkono wa mwanawe umesimama.

"Mama, unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Loyce akakiweka kitana chini, akakifunga kitambaa upya kwa vidole vyake baridi, vizuri, na fundo akaliweka pembeni kama wasichana wa mjini wanavyofunga. "Ukinipa figo na wewe ukafa, nitaifanyia nini?" alisema.

Kesho yake muuguzi alimpandisha kwenye mizani ya hospitali. Dorika alipanda akitabasamu. Themanini na nne.

"Hapana," alisema. "Rudia."

Muuguzi alirudia, akamhamishia kwenye mizani ya chumba cha pili. Themanini na nne. Kilo saba kamili zimetoka wapi usiku mmoja? Basi mbele ya macho yake, katikati ya chumba kile cheupe, Dorika aliliona dirisha la chumbani kwake Shelui, na alama ya duara kwenye vumbi, na hakuna kitu juu yake.

Daktari hakumkaripia kwa uzito. Alimkaripia kwa njaa. Damu yake ilikuwa imepungukiwa, misuli imeliwa. Alimweleza kwamba mwili ukinyimwa chakula unadhani ni mwaka wa njaa, unashika kila ulichonacho usiachie, na nywele ndizo zinazoachwa kwanza kwa kuwa mtu haishi kwa nywele. Angekula mayai, maharage na kuku kidogo kila siku, angeendelea kushuka na nywele zake zingebaki kichwani. "Hivi ulivyo sasa sikupasui hata ungekuwa na sabini," alisema. "Nenda ukale vizuri, urudi baada ya miezi mitatu."

"Yeye ana miezi mitatu?"

Daktari aliinamia karatasi zake. "Tunamsafisha damu vizuri," alisema.

Shelui alifika saa tisa mchana. Banda lilikuwa limejaa magunia, na Gervas alikuwa peke yake. Dorika alikwenda moja kwa moja kwenye mizani, akapitisha mkono chini ya ule mkono wa chuma, karibu na mwisho, akaigusa sumaku. Ilikuwa pale pale ilipotakiwa kuwa.

"Uliniona nalia hapa," alisema. "Ukaenda kupiga mswaki."

Gervas alieleza. Aliomba msamaha, tena kwa machozi. Kisha akasema kwamba matibabu ya Loyce yanatoka kwenye banda hili, na wanunuzi wote njiani wanafanya hivyo hivyo, na akiondoa sumaku katikati ya msimu, gunia lile lile la juzi likapima tofauti leo, watamchoma moto yeye na banda lake. "Msimu ukiisha naitupa," alisema. "Nakuapia."

Dorika akanyamaza. Siwezi kumsafisha kwa hilo. Alinyamaza wiki tano, akala mayai yake kila asubuhi kama dawa, akatazama wakulima wakishusha magunia na kupokea pungufu, na akasema moyoni kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Hakujipima tena.

Wiki ya sita Aneth alipiga simu saa nne asubuhi. Mpira wa kwenye kifua, ule wa kuunganishia mashine, ulikuwa umeingia vijidudu. Homa ilipanda Jumamosi, na Jumatatu Loyce hakuamka.

Walimzika nyumbani, kando ya shamba la mihogo. Baada ya mazishi Klara alikuja na wembe na bakuli la maji, akamkalisha wifi yake kwenye mkeka pamoja na wafiwa wengine, akafungua kile kitambaa. Fundo lilikuwa bado pembeni. Klara alikuwa amenyoa vichwa vingi, na kila kimoja kilichukua muda wake, lakini hiki alikimaliza kabla maji hayajachafuka. Alibaki ameshika wembe, hajui la kufanya na mkono wake.

"Hakukuwa na cha kunyoa, wifi," alisema taratibu.

"Najua," alisema Dorika.

Siku ya tano baada ya matanga, Gervas alifungua banda. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka nje, wakulima wamesubiri kwa heshima ya msiba. Clement ndiye alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliposhika gunia lake kulipandisha, Dorika alitoka ndani, kichwa wazi, kanga ya msiba kifuani. Watu wakainamisha macho, wakampa pole.

"Clement, subiri kwanza," alisema. "Pale ukutani kuna mfuko wa saruji uliobaki kwenye kaburi la Loyce. Haujafunguliwa. Niwekee kwenye mizani."

Clement alimtazama Gervas. Gervas alisema, "Mama Loyce." Clement akaubeba mfuko, akauweka kwenye bati.

"Mfuko wa saruji una kilo ngapi?"

"Hamsini," Clement alisema. "Imeandikwa."

"Soma."

Clement alisogeza jiwe, akalirudisha, akalisogeza tena. "Arobaini na tatu."

Dorika alipitisha mkono chini ya mkono wa chuma, akavuta. Iling'ang'ania kidogo, kisha ikaachia, na mkono wa mizani ukaruka juu. Alichukua kiganja cha mume wake, akaiweka sumaku ndani yake, akavifunga vidole vyake juu yake. "Soma tena," alimwambia Clement. Sasa ilikuwa hamsini.

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja baada ya mwingine wakulima walianza kuyabeba magunia yao kuyarudisha kwenye mikokoteni, na Gervas alibaki amesimama na ngumi yake imefungwa, mtu mzima, machozi yanamtoka. Clement aliushusha mfuko wa saruji, akauegemeza ukutani pale ulipokuwa.

Dorika akavua ndala, akapanda kwenye bati.

"Nipime na mimi."

Clement hakuelewa, lakini alisogeza jiwe polepole, kwa adabu, mpaka mkono ukatulia.

"Themanini," alisema. "Themanini kamili, Mama Loyce."

Dorika alibaki amesimama pale juu kitambo, akiitazama ile namba. Kisha akashuka, akavaa ndala zake.