Slaidi Imewaka, Simameni

Tik. Birika la umeme lilijizima gizani, nami sikuthubutu kuwasha taa kwa sababu chumba chetu ni kimoja na mwanangu Carmel alikuwa bado amelala. Nikakaa sakafuni, kompyuta juu ya magoti, nikinong'onea pazia slaidi zangu kana kwamba pazia ndilo patron.

Patron wetu, yaani bosi, Jean-Bosco, ana maduka matatu ya simu: South Beach, Albert Park na Overport. Alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha wafanyakazi wapya, kazi ya asubuhi mpaka saa nane na nusu mchana, basi. Mimi siku zile nilikuwa nafungua duka la South Beach asubuhi na kulifunga usiku. Nikifika nyumbani Albert Park, mwanangu ameshachukuliwa chekechea na jirani yetu Nahimana, amekula, ameoga, amelala. Namnyanyua na usingizi wake nampeleka kitandani kwetu. Asubuhi namwachia tena Nahimana, natoka kabla hajafumbua macho. Kwa hiyo ile kazi niliitaka.

Aliyeitaka pamoja nami ni Serge tu, fundi wa Overport. Patron alisema kila mmoja aje na somo fupi, awafundishe wenzake, yeye atatazama.

Slaidi za Serge zilikuwa na herufi zinazoingia zikipiga sarakasi. Zangu zilikuwa na maneno. Mwalimu wa kozi ya kompyuta niliyowahi kusoma alituambia waziwazi kwamba slaidi si barua, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha woga ukanishika: je, nikisahau? Nikaandika kila kitu. Hata salamu niliiandika.

Somo langu lilikuwa simu iliyoanguka baharini. South Beach tunazijua hizo. Watu wanajipiga picha kwenye mawimbi, wimbi linachukua simu, halafu wanatuletea ndani ya mfuko wa mchele, wakiamini mchele ni dawa.

Kabla sijasimulia yaliyotokea, jambo moja mlijue. Jumapili, kanisani kwetu, ni mimi ninayekaa na kompyuta na kuonyesha maneno ya sala ukutani. Nikibonyeza, ukuta ukiwaka, watu wanasimama na kusoma pamoja. Ukuta ukizima, wanakaa. Tumezoeana hivyo muda mrefu. Na nusu ya wafanyakazi wa patron wanasali kanisa hilo hilo.

Basi asubuhi ile tulikutana duka la Overport kabla ya kufungua, watu wamekaa juu ya maboksi, ukuta mweupe mbele yao. Serge alitangulia. Herufi zilipinduka, kengele zikalia, simu moja ya rangi ya dhahabu ikazunguka hewani.

"Ile ya kuzunguka, irudishe tuone," alisema patron.

Ikarudishwa. Wakapiga makofi. Nikaona kazi inamwendea Serge moja kwa moja.

Ikaja zamu yangu. Nikashika rimoti, nikabonyeza.

Ukuta ulipowaka, Mama Henriette wa kaunta, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya yetu, akasimama. Wa kanisa letu wote wakasimama. Wasio wa kanisa letu, kuona wenzao wamesimama, nao wakasimama.

"Habari za asubuhi, wapendwa," walisoma kwa sauti moja, sauti ile ile ya Jumapili. "Leo tutazungumzia utaratibu wa kupokea kifaa kilichoathiriwa na maji ya chumvi, ikizingatiwa kwamba..."

Patron alibaki peke yake kwenye kiti, kikombe cha chai mkononi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaweka kikombe chini, akasimama.

Ningewazuia, lakini nani huwazuia watu katikati ya sala? Wakasoma. Kwenye "ikizingatiwa kwamba" pumzi zilianza kukata. Wa nyuma wakaruka mstari, wa mbele wakarudia mstari, makundi mawili yakagongana kwenye "unyevunyevu". Mwishoni Mama Henriette alibaki peke yake na "hatimaye", akaivuta kama sauti ya kwanza ya kwaya, na mtu akasema, "Amina."

Patron akajifuta paji la uso.

"Sawa. Nimesoma kwa mdomo wangu mwenyewe. Sasa ilisema nini?"

Mama Henriette akaugeukia ukuta, akaanza kuisoma upya.

"Ilisema tutoe sadaka," alisema Serge, na duka zima likaangua kicheko.

Na nyuma ya slaidi hiyo zilikuwa zinangoja nyingine ndefu zaidi. Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Ukuta ukawa mweusi, na wote, vuu, wakakaa kwa pamoja. Hapo nikashikwa na kicheko mimi mwenyewe, mpaka nikaegemea kaunta, na woga ukanitoka humo humo. Watu hawa watasoma chochote nitakachowawekea. Basi niwawekee kinachotosha pumzi moja.

"Patron, nipe dakika kidogo."

"Chukua."

Nikawa nafuta maneno kwenye kompyuta huku nasimulia. Niliwaambia juu ya bwana harusi aliyeingia South Beach suti inachuruzika maji, simu yake ndani ya sufuria ya wali. Wali wa harusi, wenye zabibu kavu.

"Simu ilikuwa bado inawaka," nikasema. "Mngeanza na nini?"

"Kuichaji," alisema Mama Henriette.

"Ndicho alichokuwa amefanya ndugu yake. Ikatoa moshi kwenye wali."

Walipokuwa wanacheka nikawasha ukuta. Wakainuka.

"ZIMA," walisoma.

Nikabonyeza tena.

"USICHAJI."

"TOA LAINI."

"MCHELE NI WA SUFURIA."

Hiyo ya mwisho waliisema kwa nguvu mpaka mpita njia akagonga mlango wa chuma, akauliza ibada inaanza saa ngapi.

Nikazima. Wakakaa. Patron akamgeukia Mama Henriette, ambaye maisha yake yote hajawahi kufungua simu.

"Mama, mimi ni mteja. Simu yangu imeanguka baharini, nimeichomeka kwenye chaja, iko pale."

"Chomoa kwanza, weye. Zima. Toa laini. Na mchele wako uurudishe jikoni, watoto wale."

"Na slaidi za Serge zilisema nini?"

Mama Henriette akafikiri.

"Zilizunguka vizuri."

"Eish," alisema Serge, naye anacheka. "Hata mimi nimebaki na za Mama Carmel."

Patron akachukua chai yake iliyopoa.

"Mama Carmel, Jumatatu unaanza. Saa nane na nusu unatoka. Ila uwaambie wasome wakiwa wamekaa. Magoti yangu si ya kanisa lenu."

Sijui nilimshukuru kwa lugha gani.

Jumatatu baada ya kazi niliteremka kwenye taksi, nikakuta robot, taa za barabarani, ni nyekundu, nikawa narukaruka pale pale kama mtu anayechomwa na lami. Chekechea mlango ulikuwa haujafunguliwa. Ulipofunguliwa, mwalimu alinitazama kwa mashaka, kwa sababu anamjua Nahimana tu. Carmel alitokea na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akasimama. Akanitazama mimi, akaitazama saa ukutani ambayo hajui kuisoma, kisha akawageukia wenzake waliokaa kwenye benchi, akasema kwa sauti:

"Huyu ni mama yangu."