Mzuka Aliyeachwa Katikati

"Nimesema wigi hilo halirudi kichwani mwa mwanangu," alisema msusi, akalitupa mezani kama kuku aliyenyonyolewa. Nywele zikamwagika mpaka sakafuni.

Mwongozaji wa filamu, ambaye wote walimwita Bwana Kata kwa sababu neno hilo ndilo lililomtoka kinywani mchana kutwa, aliliinua, akalipangusa, akalirudisha mezani kwa heshima zote. Jambo hili alikwisha kulieleza mara tatu tangu asubuhi. Sasa akalieleza mara ya nne. Filamu si yao. Imetungwa na watu wa Asia, imewatisha watu huko mpaka wengine wakahama nyumba zenye ngazi, na wenyewe wamekubali irudiwe hapa kwa sharti moja tu: mzuka asibadilishwe. Na mzuka wa huko ni mwanamke mwenye nywele nyeusi zilizonyooka, zinazomfunika uso mpaka kifuani. Anashuka ngazi za nyumba ya kupanga, kila siku kidato kimoja, mpaka amfikie mpangaji wa chini.

"Wa huko nywele ni zake," msusi akajibu. "Huyu wangu mmembandika."

Hilo halikuwa na ubishi. Siku tano za gundi zilikuwa zimemchubua bintiye kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Alikaa mbele ya kioo ndani ya gauni jeupe la mzuka, macho mekundu. Lakini si gundi iliyomliza. Jana yake walikuwa wamewaonyesha watu thelathini hivi kipande cha dakika nne, waone kama wataogopa. Binti alipogeuza kichwa, wigi likachelewa kugeuka. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kwa nini dada yule kavaa ufagio, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Basi asubuhi hii Bwana Kata alimwita msichana mwingine, yule wa tangazo la sabuni, mwenye shingo ndefu na nywele zake mwenyewe za kulainishwa. Alikuwa kwenye benchi chini anatafuna ubani. Saa sita angejaribiwa, na akifaa, binti angevua gauni aende nyumbani.

Lazima tuseme kweli juu ya msusi: hilo la mwisho halikumuumiza sana. Yeye ndiye aliyeajiriwa kusuka vichwa vya waigizaji. Binti alikuja siku ya kwanza ya mazoezi kumbebea vitana tu, Bwana Kata akamwona anavyotembea, na yote yakaanzia hapo. Chuo cha maabara akakipa kisogo, mwaka mmoja kabla ya kumaliza. Chuo kilikuwa kimemhifadhia nafasi mpaka Ijumaa, na miezi miwili mizima msusi alisema juu ya chuo hicho mpaka akachoka kujisikia. Kwa hiyo ugomvi wake ulikuwa wa gundi. Sehemu ya mzuka ikipotea, ipotee salama.

Bwana Kata alishuka kwenda kutazama taa. Msusi akavuta kiti, akaanza kumfumua binti ili ampake mafuta palipochubuka. Chini ya wigi alikuwa na mistari myembamba aliyomsuka mwenyewe. Alimaliza kufumua upande wa kulia, akauchana, nywele zikasimama. Alipotaka kuanza wa kushoto, mtu akapaza sauti kutoka chini kwamba gauni linahitajika, mwenzake anataka kulijaribu.

Binti aliinuka vile vile. Alisema atalipeleka mwenyewe, na kama ni kuvuliwa, avuliwe mbele za watu wote. Mama yake akamfuata na kitana mkononi.

Jengo walilopangisha lilikuwa la zamani, ngazi zake pana, ukuta umebanduka rangi. Binti alishuka polepole, maana gauni lilikuwa refu na machozi yalimzuia kuona vidato. Chini, fundi taa, mwanamume mwenye mwili wa kuziba mlango, alikuwa juu ya kingazi anafunga taa. Aliinua macho. Hakupiga kelele. Alishuka kinyumenyume, taratibu, bila kubandua macho kwake, taa ikabaki inaning'inia kwa skrubu moja. Mgongo ulipogusa ukuta ndipo akamtambua, akacheka kicheko kikavu cha mtu aliyejiaibisha.

"We mwana we," akasema. "Nani kakuacha hivyo?"

Msusi alisikia swali hilo akiwa vidato vitatu juu. Alimtazama bintiye kana kwamba ni mtoto wa watu. Upande mmoja mistari imekaa safi kama shamba lililolimwa. Upande wa pili nywele zimesimama, zinangoja mkono. Alijua papo hapo mzuka wa filamu hii ni yupi. Na alijua vilevile kwamba ni yeye na fundi taa tu waliomwona. Bwana Kata alikuwa amewapa mgongo, anamweleza yule wa sabuni namna ya kuinamisha shingo. Msusi hakuhitaji kufanya lolote. Angefumba mdomo dakika kumi tu, mambo yangejimaliza.

Binti akageuka. "Twende zetu, Mama. Nitarudi chuo. Ulisema kweli, hizi kazi si za watu kama mimi."

Maneno hayo msusi alikuwa ameyaombea kwa miezi miwili. Sasa yamekuja yote, mpaka lile la kusema mama alikuwa sahihi, na hakuyapenda hata kidogo. Watu kama mimi. Nani alimfundisha kusema hivyo? Yeye alitaka mtoto arudi chuoni kwa miguu yake, si kwa kufukuzwa na wigi.

"Chuo utaamua mwenyewe," akasema. "Lakini hapa hutoki umeinamisha kichwa. Simama hapo hapo." Akampita, akashuka, akamgusa Bwana Kata begani. "Geuka umtazame."

Bwana Kata aligeuka. Mguu wake mmoja ukarudi nyuma bila ruhusa yake. Baadaye kidogo akauliza, kwa sauti ndogo, hicho ni kitu gani.

Msusi hakuwa na desturi ya kusimulia mambo yake, na binti alikuwa anasikia habari hii kwa mara ya kwanza. Alichojua yeye ni kwamba mama yake hamwachi mteja katikati, hata umeme ukatike atamaliza kwa tochi.

"Nilikuwa na miaka tisa," msusi akasema. "Dada yangu alikuwa ananisuka, amefika nusu. Uchungu ukamshika, mimba ya kwanza. Akaniambia nisiguse, anakuja kumalizia. Nilikaa hivyo siku tatu. Waliokuja msibani wakinitazama kichwa, wanageuza macho."

Fundi taa alijifanya anatafuta skrubu.

Bwana Kata alijikuna shingo. Alisema ni kweli inatisha, lakini sharti ni sharti. Msusi akamjibu kwamba wao wana sababu ya zile nywele zilizoanguka usoni, na watu wao wanaijua. Hapa wameazimwa nywele bila sababu yake, ndiyo maana wazee wanauliza habari za ufagio. Huyu anashuka kwa sababu anamtafuta wa kummalizia. Hilo mtu yeyote ukumbini atalielewa bila kuambiwa.

"Na akimfikia mpangaji wa chini?"

"Atamkimbia. Watamkimbia wote, mpaka atokee mmoja amwambie kaa hapa, nikumalizie."

Bwana Kata alitazama simu yake, akaitazama tena. Akasema lazima kwanza awaulize wenye filamu, na sasa hivi huko ni jioni, ofisi zimefungwa.

"Basi tusiwasumbue," msusi akasema. "Piga picha. Wakifungua kesho waione."

Bwana Kata akatazama huku na huku akimtafuta yule wa sabuni ili amwombe radhi. Alikuwa nje barazani, mkoba begani. Alisema kutoka huko huko kwamba yeye haingii tena mpaka yule dada atengenezwe kichwa.

Hapo Bwana Kata akakata shauri. "Simu nitaipiga mimi, na lawama ni zangu. Ngazi zote, bila kukatiza. Wigi lirudi kwenye boksi lake."

Msusi akaketi kwenye kidato cha mwisho, akamweka binti katikati ya magoti, akamnyooshea njia ya katikati kwa ncha ya kitana, akaufumua nusu mstari wa mwisho ili uning'inie karibu na jicho. Alipaka mafuta palipochubuka. Binti hakulia tena. Alikuwa anauliza mzuka ashuke kwa haraka gani kama anamtafuta mtu, si kama anamwinda.

"Kama mtu aliyechoka kungoja," mama yake akamwambia. "Nenda."

Binti akapanda mpaka juu kabisa. Fundi taa akawasha. Bwana Kata akainua mkono, akaushusha, na binti akashika pindo la gauni, kichwa juu, akaanza kushuka.