Swali la Brody

Wendell Hrynkiw alikuwa na ulimi wa mzaha, na huko Saskatchewan, Kanada, kwenye mashamba ya ngano, watu walimpenda kwa hilo. Siku moja ya mavuno mpwa wake Brody, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa akimshikia spana chini ya kombaini, mashine ya kuvunia ngano. Akauliza kama anayeuliza ya mwingine:

"Mjomba, mtu akiwa na picha zako za aibu, akatishia kuzisambaza mtandaoni, unafanyaje?"

"Unavaa suruali!" Wendell alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Brody naye alicheka. Wiki ya pili alijiua. Polisi walikuta kwenye simu yake ujumbe wa mtu asiyejulikana aliyemtesa kwa vitisho miezi miwili. Mazishini, Lorna, mama wa kijana na dada yake Wendell, alimuuliza kila mtu: "Hakukwambia kitu? Hata neno moja?" Wendell alisema hapana. Ulikuwa uongo, naye alijua.

Februari, binti yake Tessa aliacha kula. Simu ikilia, anashtuka. Wendell alimfuata shuleni mchana, wakiwa njiani akasimamisha pikapu kando ya barabara.

"Tessa, nakuuliza wazi, na sitakasirika. Unafikiria kujiua?"

"Mara nyingine. Ndiyo."

"Kuna mtu anakusumbua mtandaoni?"

"Sasa ndiyo unauliza?" Alimgeukia, macho makavu. "Siku ile nilikuwa nimewaletea kahawa, Baba. Nilimsikia Brody. Nikakusikia na wewe. Yangu yalipoanza nikajisemea, kwa huyu hata nisithubutu."

Wendell alizima injini.

"Nilikosea," alisema. "Aliniomba msaada nikamgeuza kichekesho. Wewe huna kosa, mwanangu, na simu yako sikunyang'anyi. Nieleze, nasikiliza."

Akaeleza. Rafiki aliyempata mtandaoni hakuwa msichana wa rika lake kama alivyodai. Picha moja tu, kisha vitisho, kila siku anadai nyingine. Walipiga simu ya msaada palepale, wakiwa wawili. Mama mmoja wa sauti ya taratibu aliongea na Tessa karibu saa nzima, akawaambia wasimjibu tena yule mtu, wasifute ujumbe wowote, waende polisi na kwa daktari siku hiyohiyo. Wakaenda.

Tessa alianza kumwona mshauri kila Alhamisi. Baba yake akawa anamuuliza kila siku wakila, "Leo kichwani kukoje?" Siku nyingine alijibu, "Vibaya," wakakaa na hilo vibaya mpaka chakula kikapoa.

Jumapili moja Wendell alikwenda kwa Lorna, akamkuta akitengeneza perogi, vifuko vya unga vya kujazwa viazi. Alimwambia yote, akiwa amesimama mlangoni.

Lorna aliendelea kubana kingo za unga. "Kumbe aliuliza," alisema. "Mwanangu aliuliza."

"Nisamehe, dada."

"Tessa yu hai?"

"Yu hai. Anahangaika, lakini yu hai."

"Basi nenda kwa mwanao. Kwangu usije kwanza."

Pasaka ilifika, ikapita. Lorna hakupiga simu, na Wendell hakuwa na la kumlaumu.